"Sisi tunapenda minofu," halafu?

Juzi kwenye kikao cha wazazi pale Sinza nimeambiwa tena: "Dada mshauri, mambo ya mabinti kuichukia miili yao ni ya Wazungu. Sisi tunapenda minofu." Jamani!

Haraka haraka: Fiji nako walipenda minofu. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga, huko Fiji, mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwapima wanafunzi wa kike mwaka huo, akarudia 1998. Waliopata alama za hatari kwenye EAT-26, hojaji ya kuchunguza matatizo ya ulaji, walitoka asilimia 12.7 hadi 29.2. Hakuwa na kundi la kulinganisha, na wa 1998 hawakuwa wale wale wa 1995, kwa hiyo msinishikie bango.

Kinachonikera ni kudhani kwamba jamii inayopenda unene haina masharti. Inayo, tena makali. Binti wa Mbagala hatakiwi kunenepa tu. Anenepe nyonga na makalio, tumbo libaki bapa, umbo liwe namba nane, rangi ing'ae. Unene ukihamia tumboni, anaitwa bonge. Akikonda, kimbaumbau. Mwili gani wa miaka 15 unapokea maagizo hayo? Ndiyo maana nakutana na mabinti wanaomeza cyproheptadine, dawa ya mzio, kwa kuwa inaamsha hamu ya kula. Inaleta na usingizi, basi darasani anaonekana mvivu. Akirudi nyumbani anajilazimisha kula, kisha analala na mkanda wa tumbo. EAT-26 ilitungwa kumnasa anayeogopa kunenepa. Huyu anajibu "siogopi" na anapita salama salama!

Mmoja alinionyesha picha aliyoipandisha Instagram, kiuno kama cha nyigu. Fremu ya mlango nyuma yake imepinda kufuata kiuno. Nikamwonyesha. "Anti, nani anaangalia mlango?"

Je, simu ndiyo iliyomfikisha hapo? Sina hakika. Nyaraka za Facebook, wamiliki wa Instagram, alizovujisha aliyekuwa mfanyakazi wao Frances Haugen mwaka 2021 zina ile asilimia 32 inayotajwa kila mahali: ni ya mabinti waliokuwa tayari wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, wakasema Instagram iliwaongezea. Tayari! Wengi ninaowasikiliza, dongo la kwanza walirushiwa na shangazi sebuleni, kabla hawajamiliki simu. Ila shangazi huenda kwake.

Siku hizi hojaji naiweka pembeni kwanza. Namuuliza binti angeongeza wapi, angepunguza wapi. Wengine hunijibu kwa sentimita.