Pima gorogoro yako kabla ya kulaumu soko

"Biashara haisongi." Maneno haya utayasikia soko la Kibuye, utayasikia Ahero na Luanda, na lawama huwaangukia wateja, kaunti, au jirani aliyefungua kibanda cha pili hapo kando. Mimi hushughulika na hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Kisumu, na naona hivi: vibanda vingi vya nafaka havifi kwa kukosa wateja. Hufa kwa sababu mwenyewe hajui kibanda kinampa shilingi ngapi, basi anajilipa zaidi ya hizo bila kujua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo kila mtu anaijua, lakini bado deni linaandikwa kwenye kipande cha kadibodi ambacho kesho kitawashia jiko.

Tuchukue gunia moja la maharagwe, kilo 90, na bei za mfano. Umelinunua kwa shilingi 9,000, gari 300, mkokoteni 100. Limekufikia kwa 9,400. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, ni kilo mbili, kwa hivyo kichwani unapiga 45, unauza 250 kila moja, unapata 11,250. Faida 1,850. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Hakuna mteja wa Kisumu anayekubali gorogoro iliyosawazishwa. "Niongezee, mama," na wewe unarundika hadi punje zinaporomoka. Nenda kwenye kinu cha kusaga unga, omba mzani, pima gorogoro tano kama unavyompimia mteja, kisha gawa kwa tano. Usishangae ukipata kilo 2.15. Ondoa pia kama kilo moja na nusu ya mawe, maganda na punje zilizotobolewa na wadudu. Zimebaki kilo 88.5, na ukigawa kwa 2.15 unapata gorogoro 41. Si 45. Mauzo ni 10,250. Toa 9,400, toa ushuru wa soko wa siku nne, tuseme 50 kwa siku, na faida halisi ya gunia ni shilingi 650. Ikiwa gunia huisha kwa siku nne, hiyo ni 162 kwa siku.

Sasa tazama droo. Chakula cha mchana 100, boda ya kurudi nyumbani 100. Tayari umetoa 200 mahali penye 162. Kwa siku 26 za mwezi umekula karibu shilingi 1,000 za mtaji. Ongeza gorogoro mbili za nyumbani kila wiki, zile ambazo "si kitu, ni zetu". Kila moja imekugharimu kama 229, na nane kwa mwezi ni zaidi ya 1,800. Aliyeanza na magunia mawili hamalizi miezi saba, na siku zote hizo wateja walikuwa wakija.

Kuhusu nyongeza, sishauri kuikata. Mteja akiikosa atavuka njia. Sishauri pia ujanja wa kubonyeza kitako cha mkebe. Wanunuzi wa Kibuye huingiza mkono ndani kabla ya kutaja bei, na jina likishaharibika halirudi. Sawazisha kwa kijiti, kisha mbele ya macho yake tia ngumi moja juu. Pima hiyo ngumi yako. Ikiwa gramu 70, kila gorogoro ni kilo 2.07, na gunia linatoa 42 na salio la kama kilo moja na nusu. Gorogoro moja tu zaidi, lakini faida imetoka 650 hadi 900. Mteja naye ameona ukimwongezea, na kwake hilo ndilo la muhimu.

Daftari lenyewe si kazi ya chuo. Jioni, kabla ya kufunga na kabla ya kununua sukuma ya nyumbani (mpangilio huu usiuvunje), hesabu pesa taslimu. Ongeza zilizoingia kwa till (namba ya biashara ya kupokea malipo ya simu), ongeza deni jipya la leo, ongeza chochote ulicholipa kutoka kwenye droo. Toa chenji uliyoanza nayo asubuhi na madeni ya zamani yaliyolipwa leo. Jibu ni mauzo ya leo. Ili ujue kama jibu ni kweli, weka kikombe kando: kila ukiuza gorogoro ya maharagwe, tia punje moja ya maharagwe, ukiuza nusu, tia punje ya ndengu. Jioni zihesabu, zidisha kwa bei. Pengo la ishirini au thelathini ni chenji iliyokosewa, lisikunyime usingizi. Pengo la 250 kamili au 500 kamili ni jambo lingine kabisa: kuna deni ambalo halikuandikwa, au kuna aliyebeba pesa.

Pesa za simu zinahitaji ukali zaidi. Wateja wakikutumia kwenye laini yako binafsi na una deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, pesa ikiingia tu deni linajikata. Ulikopa Fuliza kununua gesi ya nyumbani, imelipwa na gunia la maharagwe, na wewe hata hukuona ikitoka. Chukua till au Pochi la Biashara ili pesa za kibanda ziwe na kikapu chao. Usizihamishie laini yako ila siku ya mshahara.

Ndiyo, mshahara. Fuata daftari kwa wiki nne bila kubadilisha chochote, upate faida halisi, kisha ujilipe nusu yake, siku moja ya wiki, kiasi kile kile. Robo inarudi kuongeza mtaji, robo inakaa akiba. Chakula cha mchana, boda, chama na mchango wa matanga vyote vinatoka kwenye ile nusu. Gorogoro ya nyumbani inunuliwe kama mteja mwingine. Matanga ndiyo magumu, najua. Huku kwetu wiki haipiti bila simu ya mchango. Lakini mwenye mshahara anaweza kusema "nitatoa 200 Jumamosi nikilipwa", na akazitoa kweli. Mwenye droo hutoa 1,000 leo, kesho anakosa ya mkokoteni.

Hapa hesabu inakuwa chungu. Magunia sita na nusu kwa mwezi, faida 900 kila moja, ni 5,850. Nusu yake ni kama 112 kwa siku, hata mchana na boda hazitoshi. Maana yake maharagwe peke yake hayakulishi, na afadhali kulijua hilo mwezi wa kwanza kuliko wa saba. Ongeza ndengu, njugu au mchele wa Ahero, kila kimoja na ukurasa wake, na baada ya gunia mbili mbili utaona ni kipi kinacholipia nafasi yake mezani na kipi kimekaa tu kwa mazoea.

Deni nalo lihesabu kama bidhaa iliyo nje. Andika jina, bidhaa, kiasi, tarehe ya kulipa. Jumla ya madeni yote isipite sehemu moja ya kumi ya mtaji. Ikifika hapo, anayetaka kukopa asubiri mwingine alipe.

Na usiuamini mwezi mmoja. Maharagwe ya mvua za masika huvunwa Juni na Julai, bei ya gunia hushuka. Kuanzia Aprili hadi Mei, kabla ya mavuno, hupanda na wateja hushikilia bei ya zamani. Njaanuari ina yake: karo, sare, na watu waliokuwa wakinunua gorogoro nzima wanaomba nusu. Rudia kipimo cha wiki nne katika kila kipindi kati ya hivi vitatu, na mshahara uupange kwa kile kilichotoa faida ndogo kuliko vyote.