Mpinzani wa mchujo: Jessica Cisneros na kura 289 za Texas

Mpinzani wa mchujo ni mtu anayechukua fomu ndani ya chama chake ili amng'oe mbunge wa chama hichohicho kabla uchaguzi mkuu haujafika. Mtanzania afikirie kura za maoni, Mkenya afikirie mchujo wa chama. Tofauti ni kwamba Texas, nchini Marekani, mchujo umewekwa na sheria, na aliyeshinda ndiye mgombea. Hakuna kikao cha juu kinachoketi baadaye kukata jina lake.

Mfano mzuri ni Jessica Cisneros, wakili wa masuala ya uhamiaji kutoka Laredo, mji wa mpakani na Meksiko. Mwaka 2020, akiwa na miaka 26, na tena 2022, alijaribu kumwondoa Henry Cuellar, Mdemokrati mwenzake aliyekuwa katika Bunge la Marekani tangu 2005. Aliwahi hata kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya Cuellar. Mara zote mbili alishindwa. (Neno "jimbo" hutuchanganya hapa, kwa kuwa Texas ni jimbo na eneo la mbunge nasi huliita jimbo. Katika makala hii jimbo ni Texas. Eneo la Cuellar, namba 28, ni wilaya ya uchaguzi.)

Kuingia si kazi ngumu. Katiba ya Marekani inamtaka mbunge awe na miaka 25, awe raia kwa miaka 7 na awe mkazi wa jimbo. Si lazima aishi katika wilaya yenyewe. Texas fomu ya ubunge ni dola 3,125, na asiye na hela hiyo huleta saini 500 za wapiga kura. Kazi ni kura zenyewe.

Mpinzani wa namna hii hawezi kunadi chama, maana chama ni kimoja. Lazima aonyeshe mbunge amepiga kura vipi. Cuellar alimrahisishia. Machi 2021 alikuwa Mdemokrati pekee katika Bunge la Wawakilishi aliyepinga muswada wa kuimarisha haki ya wafanyakazi kuunda vyama, na Septemba mwaka huohuo alikuwa tena peke yake kupinga muswada wa kulinda haki ya kutoa mimba. Cisneros alisimama upande wa pili katika yote mawili, akaongeza bima ya afya ya serikali kwa kila mtu, mshahara wa chini wa dola 15 kwa saa, na mpango mpana wa nishati safi. Upande wa Cuellar ulijibu kwa hoja ya tumbo: misimamo hiyo itakula ajira za mafuta na za askari wa mpakani. Katika Texas ya kusini, ambako kazi hizo zinalisha nyumba nyingi, hoja hiyo si ya kudharau.

Machi 2020 Cuellar alipata karibu asilimia 52, Cisneros 48. Machi 2022 wakawa watatu: Cuellar 48.7, Cisneros 46.6, na Tannya Benavides 4.7. Kwa sheria ya Texas mshindi lazima avuke nusu ya kura. Asipovuka, wawili wa juu wanarudi kwa duru ya pili, na ndivyo ilivyokuwa tarehe 24 Mei.

Duru ya pili ina kanuni ambazo wengi huzikosea. Texas mpiga kura haandikishwi kwa chama. Anachagua siku ileile ataingia mchujo upi. Aliyepiga kura ya Republican mwezi Machi hawezi kuhamia kwa Wademokrati mwezi Mei, ila ambaye hakupiga kabisa Machi anaruhusiwa. Kwa hiyo kampeni haitafuti tu wale waliompa mgombea wa tatu. Inatafuta pia waliolala nyumbani mara ya kwanza. Fedha nazo huanza upya: kikomo cha mchango wa mtu mmoja, dola 2,900 wakati huo, kilihesabiwa kwa kila uchaguzi, na duru ya pili ni uchaguzi wake. Mchangiaji wa New York aliyekwisha kutoa kiasi chote Machi aliweza kutoa tena. Kupiga kura Laredo, hapana.

Hesabu ya kwanza ilimpa Cuellar ushindi wa kura 281. Texas inaruhusu aliyeshindwa kuomba kura zihesabiwe upya iwapo pengo ni chini ya asilimia 10 ya kura za mshindi. Anaweka amana, na matokeo yasipobadilika gharama ni zake. Cisneros aliomba. Juni pengo likatoka 281 likawa 289: kura 22,901 kwa 22,612. Ni kama kura 6 katika kila 1,000, na hesabu mpya ilisogeza kura nane tu, tena kumwelekea mshindi.

Mara nyingi kuhesabu upya huishia hivyo, ila si siku zote. Cuellar mwenyewe aliingia bungeni kwa mlango huohuo: mwaka 2004 alikuwa mpinzani wa mchujo dhidi ya Mdemokrati Ciro Rodriguez, akawa nyuma katika hesabu ya kwanza, kisha baada ya kuhesabu upya na kesi akashinda kwa kura 58.

Na anayeshindwa mchujo Texas hana njia ya pembeni. Sheria inamzuia kugombea kiti hicho kama mgombea binafsi katika uchaguzi mkuu wa mwaka uleule. Kinachobaki ni kusubiri miaka miwili.

Mwaka 2024 Cisneros hakuchukua fomu, wala Mdemokrati mwingine yeyote. Mchujo ulipita Machi, Cuellar akiwa peke yake kwenye karatasi. Mei alifunguliwa mashtaka ya rushwa, akayakana, na Novemba akachaguliwa tena. Rais Trump alimpa msamaha Desemba 2025, kabla kesi haijasikilizwa.