Limfoma ni nini, na mbona yapenda wenye HIV

Mitoki kila mtu hapa Mombasa aijua, ule uvimbe wa kinenani unaotoka ukiwa na kidonda mguuni, kidonda kikipona nao waenda zake. Ile ni tezi ya limfu iko kazini. Tezi hizo ziko shingoni, kwapani, mpaka tumboni ndani, na zimejaa limfosaiti, yaani askari wa mwili. Sasa limfoma ni kansa ya hao askari wenyewe, mmoja anaharibika anaanza kuzaana ovyo, tezi inavimba na mara nyingi haiumi, na hapo ndo watu huponzeka, kitu hakiumi nani atapanga foleni hospitali ya Makadara toka alfajiri?

Na HIV haigeuki kansa, hilo watu wanachanganya sana. HIV inamaliza seli za CD4, zile zinazoongoza kinga ya mwili. Halafu kuna kirusi kingine chaitwa Epstein-Barr, karibu kila mtu mzima anacho, wengi toka utotoni, kimelala tu ndani ya limfosaiti aina ya B. Kilipatikana mwaka 1964 kwenye uvimbe uliotoka Uganda, ile limfoma ya Burkitt inayovimbisha taya za watoto. Kinga ikiwa chini hakuna wa kukizuia, kinawasukuma hao askari wazaane. Ndo maana limfoma ya ubongo huja CD4 ikiwa imeshuka kabisa, lakini Burkitt yaweza kuja hata CD4 si mbaya, kwa hivyo usijipe moyo sana na namba.

Shida kubwa ni kufanana na TB. Homa, kukonda, jasho la usiku, na si lile la joto letu la Februari, hili lalowesha shuka feni ikiwaka. Mtu anaanzishiwa dawa za TB, miezi yapita tezi yazidi kukua. Tezi za TB nazo huchelewa kunywea, sawa, ila ikizidi kukua uliza kuhusu kukatwa kinyama kipelekwe maabara, maana sindano ya kufyonza pekee mara nyingi haitoshi kujua ni limfoma gani.

Yatibika kwa keemo, yaani dawa za kuua seli za kansa, na wengi wapona, ARV ukiendelea nazo. Kumeza ARV vizuri kwapunguza hatari japo haiishi. Na ukienda kwa daktari wa kansa beba vidonge vyako usivifiche, kuna ARV zagongana na keemo na ni lazima zibadilishwe kwanza.