Takwimu Zinapopona Kabla ya Mifuko: Waayalandi na Fedha Zao Wakati wa Mdororo

Februari 2016 chama cha Fine Gael kiliingia kwenye uchaguzi mkuu wa Ayalandi kikiwa na takwimu ambazo chama tawala chochote kingezitamani. Ukosefu wa ajira, uliofikia takriban asilimia 15 mwaka 2012, ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10. Uchumi ulikuwa ukikua kwa kasi kuliko uchumi wowote wa Umoja wa Ulaya. Nchi ilikuwa imeshatoka kwenye mpango wa mkopo wa dharura tangu Desemba 2013. Kwa hiyo kampeni ikajengwa juu ya ombi moja: wananchi wauendeleze ufufukaji huo wa uchumi. Kura zilipohesabiwa, viti vya chama hicho vilikuwa vimeporomoka kutoka 76 vya mwaka 2011 hadi 50. Mshirika wake serikalini, chama cha Labour, alibaki na viti 7 kutoka 37.

Wagombea waliogonga milango, hasa nje ya mji mkuu, Dublin, walikuwa wameshaulizwa swali lililowasumbua: uchumi umefufuka kwa nani? Sisi tunaotoa elimu ya fedha kwa umma hulisikia swali hilo kila mara. Msomaji wa Dodoma au Kisumu anaambiwa pato la taifa limepanda, naye anashangaa mbona mtaani vyuma vimekaza. Nimeichagua Ayalandi kwa sababu ni nchi ambayo hisia hizo zilipimwa mwezi baada ya mwezi, tangu kabla ya anguko hadi baada ya kupona. Kipimo chake kinatuonyesha kwamba hisia za watu kuhusu fedha zina mantiki yake, nayo inaeleweka.

Tuanze na kipimo chenyewe. Tangu miaka ya 1990, taasisi ya utafiti wa uchumi na jamii ya nchi hiyo, ESRI, ikishirikiana na benki moja, ilikuwa ikiwahoji wananchi kila mwezi ili kupima imani ya walaji. Maswali ya msingi ni matano. Hali ya fedha ya kaya yako ikoje ukilinganisha na mwaka jana? Unatarajia iweje mwaka ujao? Uchumi wa nchi unauonaje miezi 12 ijayo? Ajira zitaongezeka au zitapungua? Je, huu ni wakati mzuri wa kununua vitu vikubwa vya nyumbani kama jokofu au samani? Hakuna swali linalouliza una euro ngapi. Majibu huchanganywa yakatoa namba moja, ambapo 100 ni hali ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 1995.

Namba hiyo ilishuka chini ya 40 mwezi Julai 2008. Tarehe hiyo ina uzito wake. Julai 2008 Lehman Brothers, benki ya Marekani ambayo kuanguka kwake Septemba mwaka huo kulitikisa fedha za dunia, ilikuwa bado imesimama. Serikali ya Ayalandi ilikuwa haijatangaza udhamini wake mashuhuri wa madeni ya benki, yaani ahadi kwamba benki zikishindwa kulipa italipa yenyewe, uliokuja usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba. Wengi waliohojiwa walikuwa bado wana kazi na mishahara yao ilikuwa inaingia. Hata hivyo walijibu kama watu ambao nyumba inawaka moto. Bei za nyumba zilikuwa zimeanza kushuka tangu 2007, mafuta yalikuwa yamepanda duniani kote, mafundi ujenzi walikuwa wanarudishwa nyumbani, na mwezi uliotangulia ESRI ilikuwa imetabiri mdororo wa kwanza tangu miaka ya 1980. Walaji waliunganisha dalili hizo mapema. Mara nyingi tunaambiwa kwamba hofu ya wananchi ni ujinga wa kiuchumi. Hapa hofu ilitangulia msiba, na ilikuwa sahihi.

Sababu ya hofu kuwa kubwa hivyo ni madeni. Katika miaka ya neema, benki zilikopesha kwa mkono mwepisi mno, na madeni ya kaya yakapita asilimia 200 ya mapato yao ya mwaka baada ya kodi. Maana yake, kaya ya kawaida ingeweza kuacha kula, kuvaa na kusafiri kwa miaka miwili, ikaelekeza kila senti kwenye deni, na bado isingelimaliza. Sehemu kubwa ilikuwa mikopo ya nyumba. Kisha bei za nyumba zikaanguka takriban nusu kati ya 2007 na mwanzoni mwa 2013, na Dublin zikaanguka zaidi.

Tuchukue mfano wa kukisia. Wanandoa vijana wamenunua nyumba kwa euro 340,000, wakakopa 310,000. Miaka mitano baadaye nyumba ina thamani ya 170,000, na wao bado wanadaiwa 285,000. Kama wote wawili wana kazi, marejesho ya mwezi hayajabadilika sana. Huenda hata yamepungua, kwa kuwa Benki Kuu ya Ulaya ilishusha riba hadi asilimia 1 kufikia Mei 2009. Ukitazama karatasi ya mshahara, hawajapoteza kitu. Lakini hawawezi kuuza nyumba wakamaliza deni. Kazi ikipatikana mji mwingine, kuhama ni mtihani. Mtoto wa tatu akizaliwa, watabanana humo humo. Watu wa namna hii walikuwa wengi sana. Walijibu kwamba hali yao ni mbaya ingawa mapato yalikuwa yale yale, na walikuwa wanasema kweli. Fedha ni pamoja na uwezo wa kuchagua, na uwezo huo ndio uliotoweka.

Mwaka 2009 bei za bidhaa na huduma zilishuka kwa wastani wa asilimia 4.5. Kwa aliyekuwa na ajira ambaye mshahara wake haukuguswa, hiyo ilikuwa nafuu ya kweli: fedha ile ile ilinunua vitu vingi zaidi. Kwa hesabu za kitabuni, huyo angepaswa kutumia. Hakutumia. Aliweka akiba na kulipa madeni, kwa sababu jirani yake alikuwa amepunguzwa kazini na hakujua zamu yake ni lini. Kila kaya peke yake ilifanya jambo la busara. Ubaya ni kwamba fedha ambayo huendi kuitumia saluni ndiyo mshahara wa msusi, na msusi naye akibana matumizi, muuza nguo anafunga duka. Kaya milioni moja na zaidi zilipobana kwa pamoja, maduka ya barabara kuu za miji midogo yalibaki na madirisha matupu.

Kidogo walichotumia, walikitumia kwa hesabu kali. Kisa cha Newry kinaeleza vizuri kuliko jedwali lolote. Newry ni mji wa Ayalandi ya Kaskazini, sehemu ya Uingereza, karibu kabisa na mpaka. Tarehe 1 Desemba 2008 serikali ya Dublin ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 21 hadi 21.5. Siku hiyo hiyo Uingereza iliishusha kutoka 17.5 hadi 15. Pauni nayo ilikuwa imedhoofika sana mbele ya euro. Magari yenye namba za Jamhuri yakapanga foleni ndefu kuelekea kaskazini kwa manunuzi ya Krismasi, na waziri wa fedha, Brian Lenihan, akasihi watu wanunue nyumbani kwa uzalendo. Sioni kosa la mama aliyevuka mpaka akarudi na buti limejaa. Serikali haiwezi kumwambia mlaji afunge mkanda, kisha imlaumu anapotafuta penye nafuu. Januari 2010 kodi ilirudishwa kwenye asilimia 21.

Kisha ikaja Novemba 2010. Ayalandi ilikubali mpango wa euro bilioni 85 kutoka Umoja wa Ulaya, Shirika la Fedha la Kimataifa na wakopeshaji wengine, ambapo bilioni 17.5 zilitoka kwenye fedha za nchi yenyewe, zikiwemo za mfuko wa akiba ya pensheni. Wakati ule ule gharama ya kuziokoa benki, ambayo mwishowe ilifikia kama bilioni 64, ilikuwa inawaangukia walipa kodi. Mwaka 2011 kodi mpya ya mapato iliyoitwa Universal Social Charge ilianza kukatwa. Kima cha chini cha mshahara kilishushwa kutoka euro 8.65 kwa saa hadi 7.65, kikarudishwa baada ya miezi michache. Kodi ya majengo ya makazi ikafuata mwaka 2013.

Kwenye televisheni Lenihan alisema kwamba katika miaka ya neema wote tulisherehekea. Kauli hiyo iliwachoma wengi, na inafaa tuelewe kwa nini. Mfanyakazi wa usafi aliyepanga chumba, ambaye hakuwahi kununua nyumba wala kukopa, alikuwa anakatwa mshahara kulipia mikopo ya wajenzi wakubwa iliyoziangusha benki. Mtu huvumilia mengi akiamini mzigo umegawanywa kwa haki. Akishaamini kwamba analipia makosa ya wengine, hata makato madogo humuuma kuliko makubwa ya zamani. Maandamano ya mwaka 2014 dhidi ya malipo mapya ya maji ya nyumbani yalishangaza wageni, kwa sababu kiasi chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kimekuja juu ya vingine vyote.

Kundi lililoumia kimya kimya ni la walioshindwa kulipa mikopo ya nyumba. Mwaka 2013, kati ya kila mikopo minane ya nyumba za kuishi, takriban mmoja ulikuwa umechelewa kwa zaidi ya siku 90. Wengi walikaa miezi bila kufungua barua za benki. Aibu ya deni hufanya kazi hiyo kila mahali: inamfanya mtu akimbie mazungumzo ambayo yangemsaidia. Nchi hiyo ilikuwa na kitu ninachokionea wivu mzuri, huduma ya ushauri wa fedha na bajeti iitwayo MABS, iliyoanzishwa mwaka 1992, bure na ya siri. Mshauri wake hukaa na mdaiwa, wakaorodhesha mapato na madeni, kisha akamwandikia mkopeshaji barua kwa niaba yake.

Sheria nazo zilibadilika. Kabla ya mdororo, aliyetangazwa mufilisi alibaki hivyo kwa miaka 12. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2013 ilipunguza muda huo hadi miaka 3, na mwaka 2016 ukawa mwaka 1. Chombo kipya cha kusimamia ufilisi wa watu binafsi kilitoa pia mwongozo wa matumizi ya lazima ya kaya: chakula, nguo, nishati, malezi ya watoto, hata kiasi kidogo cha kushiriki maisha ya jamii. Hatua hiyo naiona kubwa kuliko inavyosifiwa. Kwa mara ya kwanza mdaiwa aliweza kuonyesha maandishi yanayotambua kwamba kuna kiasi ambacho mkopeshaji hapaswi kukigusa, kwa kuwa ni cha mtu kuishi nacho kwa heshima.

Ufufukaji ulipokuja, uliingia kwa mlango wa wachache. Viwanda vya dawa na kampuni za programu za kompyuta, nyingi za Marekani, ziliuza nje ya nchi bila kuyumba sana. Dublin ikapona kwanza. Miji ya magharibi ilisubiri, na vijana wake wengi walikuwa wameshakwenda Australia, Canada na Uingereza. Katika miaka mibaya zaidi, waliohama nchi, pamoja na wafanyakazi wa kigeni waliorudi kwao, walizidi 80,000 kwa mwaka. Mzazi ambaye wanawe wote wako Perth, Australia, hawezi kuambiwa nchi imepona akakubali upesi. Kisha Julai 2016 ofisi ya takwimu ikatangaza kwamba uchumi ulikuwa umekua kwa zaidi ya asilimia 26 mwaka 2015. Kilichokuwa kimetokea hasa ni kampuni kubwa za kimataifa kuhamishia mali zao kwenye vitabu vya Ayalandi. Hakuna mshahara uliofuata namba hiyo, na ofisi yenyewe baadaye ikaunda kipimo kingine cha pato kinachoondoa sehemu ya uvimbe huo.

Kwenye majibu ya walaji wa miaka hiyo kulikuwa na pengo la wazi. Walioona uchumi wa nchi unaelekea kuzuri walikuwa wengi kuliko walioona hali ya kaya zao inaelekea kuzuri. Naamini pengo hilo linatokana na mpangilio wa namna kaya inavyojijenga upya. Fedha ya kwanza ya ziada hulipa malimbikizo. Inayofuata hurudisha akiba iliyoliwa. Kisha hufanya yaliyoahirishwa: meno ya mtoto, paa, tairi za gari. Mtu anaweza kuwa na mwaka wa pili au wa tatu wa mapato mazuri na bado asihisi lolote, kwa kuwa kila kilichoingia kimekwenda kuziba mashimo ya nyuma. Zaidi ya hapo, kufikia 2016 kodi za pango zilikuwa zimepita kilele cha kabla ya mdororo, kwa hiyo kijana asiyekuwa na deni lolote la zamani naye akajikuta amebanwa.

Namba ya imani ya walaji ilipita 100 tena Januari 2015, zaidi ya miaka sita baada ya ile Julai ya 2008. Ilikuja kuanguka vibaya kwa mara nyingine Aprili 2020, mwezi wa kwanza kamili wa marufuku ya kutoka nje kwa sababu ya korona, ikakaribia kiwango cha 2008. Safari hii haikuchukua miaka sita. Kufikia katikati ya 2021 ilikuwa imerudi ilipokuwa kabla ya janga. Madeni ya kaya yalikuwa yameshuka hadi karibu nusu ya kiwango cha 2009 ukiyalinganisha na mapato, na kabla Machi 2020 haijaisha serikali ilikuwa imeanza kumlipa kila aliyesimamishwa kazi euro 350 kwa wiki.