Je, wajua kwa nini askari wa sanamu wa Marekani wanafanana kama mapacha?

Pita miji midogo ya Marekani, kuanzia Maine hadi Georgia, utamkuta yuleyule. Yuko juu ya nguzo katikati ya bustani ya mji: koti refu, sharubu, bunduki kaisimamisha mbele yake na kuishika mtutu kwa mikono miwili. Mji wa pili, ni yeye. Mji wa tatu, yeye tena. Ni nani huyu?

Si mtu. Ni bidhaa ya katalogi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini yaliyojitenga, viliua zaidi ya watu 600,000, na wengi walizikwa hukohuko walikofia, wengine bila hata jina. Mama aliyebaki nyumbani hakuwa na kaburi la kuzuru. Ndiyo maana kila mji ukataka mahali pake pa kuwakumbuka waliokufa na kuwaenzi waliorudi. Fedha ndizo zilizokuwa mtihani, maana sanamu ya bronzi iliyofinyangwa na msanii iligharimu maelfu ya dola, na mji wenyewe unaishi kwa michango.

Kampuni ya Monumental Bronze ya Bridgeport, Connecticut, ililiona hilo. Jina lake bronzi, mali yake zinki! Waliiita "bronzi nyeupe", na askari wa kimo cha mtu aliuzwa kama dola 450. Waliopigana upande wa Kusini nao walinunua kwa kampuni hiyohiyo ya Kaskazini: kofia ikabadilishwa, na herufi US (Marekani) kwenye mkanda zikawa CS (majimbo ya Kusini yaliyojitenga). Ukitaka kumjua askari wa zinki, mgonge kwa kidole, atalia kama debe tupu. Maandishi yake hayafutiki upesi kama ya marumaru, ila zinki hulegea kwa uzito wake yenyewe, na baada ya miongo mingi mzee huyu huanza kuegemea nyuma.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mchezo ukajirudia. E. M. Viquesney, mchongaji wa Spencer, Indiana, alibuni askari anayekanyaga kati ya visiki na seng'enge, guruneti juu mkononi. Mabati ya shaba yaligongwa kwenye kalibu, yakaungwa, na nakala zaidi ya mia zikasambaa nchini.

Kwani hakuna mji uliojaribu kuchonga wa kwake? Elberton, Georgia, mji wa Kusini, ulijaribu mwaka 1898, kwa graniti ya palepale. Akatoka mfupi, mnene, na kofia na koti vya wale wa Kaskazini, yaani adui! Wenyeji wakamwita Dutchy na kumcheka kwa miaka miwili. Agosti 1900 wakamvuta kwa kamba usiku, akaanguka na kuvunjika miguu, wakamzika kifudifudi palepale uwanjani.

Alifukuliwa mwaka 1982. Kwa kuwa alikuwa amejaa udongo, walimpakia kwenye gari na kumpitisha mahali pa kuoshea magari. Sasa amelazwa chali katika jumba la makumbusho la graniti la mji huo, miguu yake ikiwa mbali na mwili.