Fedha zilizotengwa si fedha zilizofungwa

Katika vikao vya halmashauri ya mji ninaoishi hapa Marekani, ambako huwatafsiria majirani waliotoka Kongo, nimesikia mara nyingi mno kwamba fedha za serikali kuu za kujikwamua na janga la korona "zimeshatumika", kumbe zimetengwa tu. Kosa hili limeingia hata katika tafsiri zetu wenyewe.

Fedha zenyewe zilitokana na sheria iliyosainiwa na Rais Joe Biden tarehe 11 Machi 2021, iliyotoa dola bilioni 350 kwa majimbo, kaunti, miji, maeneo ya ng'ambo na mataifa ya wenyeji wa asili. Serikali za mitaa ziliruhusiwa kuzitumia kukabili ugonjwa na madhara yake ya kiuchumi, kuwaongezea malipo wafanyakazi wa huduma muhimu, kujenga mifumo ya maji, majitaka na intaneti, na kuziba pengo la mapato yaliyopotea. Hazikuruhusiwa kuzitia katika mifuko ya pensheni, kulipia madeni yao wala kuziweka akiba. Hayo yanaeleweka upesi.

Kinachopotoshwa ni hatua zinazopitiwa na fedha hizo. Neno la Kiingereza lililomo katika kanuni zake, *obligation*, yaani kujifunga kisheria kulipa, lina asili ya Kilatini, *ligare*, yaani kufunga kama mtu afungavyo kamba, na Kiswahili kimekuwa na picha hiyo hiyo siku zote, kwa kuwa mkataba kwetu hufungwa, na ndoa pia hufungwa. Kutenga ni jambo jingine kabisa. Mama anayepima mchele akaweka kibaba kimoja kando kwa ajili ya mgeni wa jioni ametenga, na mgeni asipofika mchele unarudi guniani bila mtu yeyote kudai. Lakini mji ukishasaini mkataba na mkandarasi, au ukishatoa agizo la kununua vifaa, kuna mtu wa pili anayeshika ncha nyingine ya kamba na mwenye haki ya kulipwa. Ndiyo maana kupitisha bajeti peke yake hakukuhesabiwa kuwa kufunga, hata kama madiwani wote walinyoosha mikono.

Wapo wenzangu wanaotafsiri hatua hii kwa neno "wajibu", lenye asili ya Kiarabu, nami siwalaumu, ila wajibu masikioni mwetu ni kama ule wa mzazi kwa mwanawe, unaobaki dhamirini hata pasipo karatasi, ilhali hapa tunazungumzia kifungo chenye saini na tarehe.

Tarehe hiyo ilikuwa na uzito. Mwisho wa kufunga ulikuwa 31 Desemba 2024, na fedha ambazo hazikufungwa zilipaswa kurudishwa Hazina ya Marekani. Mwisho wa kulipa, kwa sehemu kubwa ya matumizi, umewekwa 31 Desemba 2026. Kabla ya siku ile ya kwanza nilipewa karatasi ya kutafsiri yenye mstari wa kubadilisha mabomba ya maji yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Safu ya bajeti ilikuwa imejazwa, safu ya mkataba ilikuwa tupu, na msemaji alisema fedha zimeshatumika. Mzee aliyekaa kando yangu alifurahi, akaniuliza, "Mwanangu, mafundi watafika lini mtaani kwetu?" Hakuna fundi hata mmoja aliyekuwa ameajiriwa.

Kwa hiyo nawaomba watafsiri wenzangu tuseme "zimetengwa" pale bajeti ilipopitishwa, "zimefungwa" pale mkataba uliposainiwa, na tusiseme "zimetumika" mpaka aliyefanya kazi awe amelipwa. Mzee kama yule akisikia "zimetengwa", atajua mwenyewe kuuliza mkataba uko wapi.