Je, wajua kwa nini mashabiki wa kikapu hubishana vikali timu yao inapotafuta gadi, yule mchezaji wa nje anayeendesha mashambulizi?

Julai 2022, New York Knicks walimsajili Jalen Brunson kwa dola milioni 104 za miaka minne. Nusu ya mashabiki wakashika vichwa. Brunson alikuwa ametoka Dallas Mavericks, ambako msimu uliotangulia alifunga wastani wa pointi 16.3 kwa mchezo, na kimo chake ni mita 1.88 tu katika NBA, ligi ya Marekani iliyojaa majitu. Mkataba haujapoa, Utah Jazz wakafungua mlango kwa timu zilizomtaka Donovan Mitchell, gadi aliyefunga wastani wa pointi 25.9 msimu huohuo, mzaliwa wa jimbo lenyewe la New York. Ugomvi ukawaka upya. Wapo waliosema timu itoe chochote kinachodaiwa ili Mitchell arudi nyumbani, na wapo waliosema mmoja aliyekwisha kusajiliwa anatosha, wachezaji chipukizi waachwe wakue.

Timu ikitafuta mchezaji mrefu wa kukaa chini ya kikapu, watu huongea, lakini hawatoani jasho namna hiyo. Kwa gadi ni tofauti, na sababu haiko kwenye ushabiki peke yake. Anayemchagua gadi anachagua pia wenzake wanne watacheza vipi, na fedha zitakazobaki kwa ajili yao zitakuwa kiasi gani. Maamuzi hayo yote hufanywa kwa kutazama takwimu alizopata akiwa na timu nyingine, kocha mwingine na wenzake wengine.

Tuanze na kazi yenyewe. Timu ikipata mpira ina sekunde 24 za kutupa, sheria ambayo NBA imekuwa nayo tangu 1954. Sekunde nane za mwanzo ni za kuvuka nusu ya uwanja. Katika muda huo gadi anayeongoza, pointi gadi, anasoma jinsi walinzi walivyojipanga, anamwita mwenzake mrefu aje amkingie njia mlinzi wake, kisha anaamua: aingie hadi kikapuni, atupe mwenyewe, ampe mrefu anayekimbilia kikapu, au aurushe pembeni kwa mtupaji wa pointi tatu. Uamuzi huo huurudia mara kadhaa katika kila robo. Wenzake wanaweza kuwa hodari kiasi gani, mpira usipowafikia kwa wakati, uhodari wao haupati nafasi.

Mtazame Brunson mwenyewe, tarehe 1 Mei 2025, mchezo wa sita wa raundi ya kwanza ya mtoano pale Detroit. Ubao unasoma 113 kwa 113. Mbele yake yuko Ausar Thompson, kijana mwenye mikono mirefu na miguu myepesi, mmoja wa walinzi wagumu wa rika lake. Brunson anauchezea mpira polepole, bega linaashiria kwenda upande mmoja, Thompson anaufuata mwili, na ghafla mpira umehamia mkono wa pili. Thompson anapoteza mizani, anabaki nyuma hatua mbili. Brunson, ambaye hutupa kwa mkono wa kushoto, anainuka nyuma ya mstari wa pointi tatu. Unaingia. Zimebaki sekunde 4.3, Knicks wanashinda 116 kwa 113 na kuwatoa Detroit, naye amefunga pointi 40. Hakuna mwenzake aliyegusa mpira katika shambulio hilo la mwisho kumzidi yeye, na hakuna aliyetaka kuugusa. Ndiyo maana swali la gadi huuma: ni swali la nani atakabidhiwa sekunde kama zile.

Haikuwa hivi siku zote. Kwa miongo mingi timu zilijengwa kuanzia kwa mtu mrefu. Mabadiliko mawili yakaipindua hesabu. Kuanzia msimu wa 2004–05 NBA ilikaza sheria inayomzuia mlinzi wa nje kumwekea mkono mshambuliaji na kumsukuma njia nzima, na magadi wepesi wakapata pumzi. Kisha timu zikajifunza kuithamini pointi tatu kwa hesabu ya shule ya msingi: anayepata asilimia 36 ya mitupo ya pointi tatu huipa timu wastani wa pointi 1.08 kwa kila mtupo, anayepata nusu ya mitupo ya pointi mbili huipa pointi 1 kamili. Mtu anayeweza kupiga chenga na papo hapo kutupa kutoka mbali akawa lulu.

Watanzania wana sababu yao ya kuyakumbuka mabadiliko hayo. Katika drafti ya 2009, zoezi la kila mwaka ambamo timu hupokezana kuchagua wachezaji wapya, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alichukuliwa na Memphis Grizzlies akiwa chaguo la pili kati ya wachezaji wote. Ilikuwa fahari kubwa, na itabaki kuwa fahari. Aliyefuata, wa tatu, alikuwa gadi James Harden. Minnesota Timberwolves walikuwa na chaguo la tano na la sita, wakachukua magadi wawili mfululizo, Ricky Rubio na Jonny Flynn. Wa saba, kwa Golden State Warriors, akawa Stephen Curry. Minnesota walijua wanahitaji gadi na walipata nafasi mbili za kuchagua, lakini yule aliyekuja kutwaa ubingwa mara nne akawapita mbele ya macho. Unaona jinsi kazi hii ilivyo ngumu hata kwa wanaolipwa kuifanya.

Mashabiki wa Knicks wana makovu yao, na bila kuyajua makovu hayo huwezi kuelewa hasira ya 2022. Mwaka 2017 timu yao ilikuwa na chaguo la nane. Ilimchukua Frank Ntilikina, gadi kijana aliyelelewa Ufaransa, mzaliwa wa Ubelgiji wa wazazi wa Kinyarwanda, aliyesifika kwa ulinzi. Chaguo la kumi na tatu mwaka huohuo lilikuwa Donovan Mitchell. Ntilikina hakuwahi kupata nafasi ya kudumu pale New York. Mitchell akawa nyota tangu msimu wake wa kwanza. Mwaka 2020, chaguo la nane tena, Knicks wakamchukua Obi Toppin, ambaye si gadi, na gadi Tyrese Haliburton akaenda Sacramento Kings akiwa wa kumi na mbili. Shabiki aliyepigia kelele majina hayo kabla ya drafti na akapuuzwa, akisikia tena jina la gadi anabeba deni la miaka yote hiyo kwenye koo.

Tukija kwenye fedha, wanaofuatilia soka inabidi wabadili fikra kidogo. NBA hakuna ada ya uhamisho. Mchezaji aliyemaliza mkataba yuko huru kusaini na timu nyingine, lakini kwa kawaida timu hiyo iwe na nafasi chini ya kikomo cha mishahara. Mwenye mkataba hupatikana kwa kubadilishana wachezaji na haki za kuchagua kwenye drafti za miaka ijayo. Msimu wa 2022–23 kikomo kilikuwa dola milioni 123.655. Mshahara wa kwanza wa Brunson ulikuwa karibu milioni 27.7, zaidi ya moja ya tano ya kikomo chote. Ili kumtengenezea nafasi, Knicks waliwaondoa Kemba Walker, Alec Burks na Nerlens Noel, wote wakapelekwa Detroit. Na kwa kuwa ligi iligundua kwamba mazungumzo na Brunson yalianza kabla ya muda ulioruhusiwa, ikawanyang'anya haki ya kuchagua katika raundi ya pili ya drafti ya 2025.

Bei ya Mitchell ilikuwa ya aina nyingine. Knicks walijadiliana na Utah kiangazi kizima bila kuafikiana, na Septemba Cleveland Cavaliers wakamchukua kwa kutoa Lauri Markkanen, Collin Sexton, Ochai Agbaji, haki tatu za raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana nafasi za drafti. Kwa hiyo waliokuwa wakibishana walikuwa wanapima vitu visivyolingana: upande mmoja fedha taslimu kwa mtu ambaye hajathibitika, upande wa pili mtu aliyethibitika kwa bei ya mustakabali wa timu. Ukiwasikiliza vizuri, wengi hata hawakuwa wanabishana kuhusu uwezo wa uwanjani. Mmoja alikuwa anataka ushindi mwaka huo, mwingine alikuwa tayari kusubiri.

Na pale walipobishana kuhusu uwezo, takwimu ziliwachanganya. Pointi 16.3 za Brunson zilitoka katika timu ambayo mpira ulikuwa mikononi mwa Luka Dončić karibu muda wote. Hazikueleza angefanya nini akiachiwa usukani. Dalili ilikuwepo kwa aliyetazama kwa makini: Aprili 2022, mtoano wa raundi ya kwanza, Dončić akiwa majeruhi, Brunson alifunga pointi 41 katika mchezo wa pili. Waliokuwa upande wa pili siku hiyo ni Utah, na gadi wao ni Mitchell. Dallas walishinda raundi ile michezo minne kwa miwili. Mimi naamini mchezo mmoja wa namna hiyo, ambamo mtu anafanya kazi ileile utakayompa, una uzito kuliko wastani wa msimu mzima aliocheza akifanya kazi nyingine. Lakini namwelewa pia anayesema mchezo mmoja ni mchezo mmoja.

Yaliyofuata yalimpa kila mtu hoja. Msimu wa kwanza New York, Brunson alifunga wastani wa pointi 24. Wa pili, 28.7. Mitchell naye hakupoa: Januari 2023 alifunga pointi 71 katika mchezo mmoja dhidi ya Chicago. Kisha, kama vile ratiba ilikuwa inasikiliza mabishano, Knicks na Cleveland wakakutana raundi ya kwanza ya mtoano wa 2023. Knicks wakashinda michezo minne kwa mmoja, ushindi wao wa kwanza wa raundi ya mtoano tangu 2013. Kesi imefungwa? Hapana. Msimu wa 2024–25 Cleveland ya Mitchell ilishinda michezo 64 na kuongoza Kanda ya Mashariki.

Lipo swali jingine ambalo mashabiki huliruka haraka, nalo ndilo huamua mambo mengi: gadi mpya ataishi vipi na gadi aliyepo? Sacramento walikuwa na De'Aaron Fox walipomchagua Haliburton. Wote wawili wazuri, wote wawili wanahitaji mpira ili wafanye kazi yao. Februari 2022 klabu ikaamua kumtoa Haliburton kwenda Indiana Pacers ili impate Domantas Sabonis, mtu mrefu. Sacramento walinufaika kwa muda, wakarudi kwenye mtoano mwaka 2023 baada ya ukame wa miaka 16. Indiana wakampa Haliburton timu nzima aiendeshe kwa kasi anayoitaka yeye. Mei 2025 Haliburton huyohuyo, ambaye Knicks walimpita mwaka 2020, alikuja Madison Square Garden kwenye fainali ya Kanda ya Mashariki, akatupa mpira wa mwisho wa muda wa kawaida, ukagonga chuma, ukaruka juu na kudumbukia. Indiana wakashinda 138 kwa 135 baada ya muda wa nyongeza, na baadaye wakawatoa Knicks katika michezo sita. Toppin alikuwa Indiana pia wakati huo, akitokea benchi.

Halafu kuna ulinzi. Gadi mfupi husakwa kwenye mtoano: wapinzani humleta kwa makusudi mchezaji anayelindwa na yeye ili wamlazimishe kumkabili mtu mkubwa zaidi, shambulio baada ya shambulio. Ukimsajili, lazima umnunulie na walinzi. Knicks walifanya hivyo kwa gharama kubwa: OG Anunoby kutoka Toronto Desemba 2023, na Mikal Bridges mwaka 2024 kwa haki tano za raundi ya kwanza. Haki za namna ileile walizosita kuzitoa kwa Mitchell zilikuja kutumika kumlinda Brunson.

Kuwaweka wote hao pamoja kulirahisishwa na jambo alilolifanya Brunson Julai 2024. Angeweza kusubiri mwaka mmoja asaini mkataba wa hadi dola milioni 269 kwa miaka mitano. Alisaini mapema, milioni 156.5 kwa miaka minne. Tangu makubaliano mapya ya ligi na wachezaji ya 2023, timu inayovuka kiwango fulani cha mishahara, kilicho juu sana ya kile kikomo, hufungwa mikono: haiwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja mkubwa, na inapoteza baadhi ya misamaha ya kusajili nje ya kikomo. Kila milioni asiyoichukua gadi mkuu inabaki kwa mwingine.

Na bado inabaki kidogo mno, hivyo kiangazi cha 2025 mabishano ya New York yalihamia kwa gadi wa akiba, yule wa kushika mpira Brunson anapopumzika. Jordan Clarkson, Mchezaji Bora wa Akiba wa 2021, alikuja kutoka Utah kwa mshahara wa kima cha chini. Anafunga, lakini ulinzi wake una mashaka. Malcolm Brogdon, mtulivu na mzoefu, alijiunga na kambi ya maandalizi, kisha Oktoba, kabla msimu haujaanza, akatangaza kustaafu. Ikabaki hoja ya kama kijana Tyler Kolek aaminiwe dakika hizo, au apewe Miles McBride, ambaye analinda vizuri zaidi lakini si mgawaji mpira kwa asili.